Re: Mashine ya kuchapa spea kwenye hadithi ya Mirihi – soma hapa kabla hujapokea hela ya mtu

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako wa hadithi ya watu walioko sayari ya Mirihi na mashine yao ya kuchapa spea, na nilipofika pale ulipoandika "mashine inatoa chochote wanachotaka kwa dakika tatu" niliweka simu chini nikaenda kunywa maji. Unauliza iitweje, iwe na ukubwa gani, itumie umeme kiasi gani na kama ichape silaha. Jina iite hata Mama Ntilie, hilo si tatizo lako. Mimi nakuuliza kitu kimoja tu: inakula nini?

Swali hilo limenila zaidi ya laki mbili na nusu, na aibu sijaihesabu.

Mwaka juzi nilikuwa nauza hadithi kwenye kundi la WhatsApp. Kambi ya watu 11 Mirihi, sehemu 30, wateja 74, kila mmoja katoa 3,000 mapema. Mchoraji wa jalada nikamlipa 150,000 hata sehemu ya tano sijamaliza, maana nilishajiona tajiri. Sehemu ya 9, pampu ya oksijeni inakufa usiku wa manane. Na mimi usingizi umenibana. Nikaandika: injinia akabonyeza kitufe, pampu mpya ikatoka ikiwa bado ya moto. Nikatuma, nikalala.

Asubuhi nakuta mstari mmoja kutoka kwa msomaji wa Mwanza, fundi majenereta: "Kama inatoa pampu, yule kijana wa sehemu ya 3 alikufaje akigombania ndoo ya maji?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kunyamaza nikaanza kuweka viraka. Sehemu ya 10, mashine imeharibika. Wakauliza, si wangeshajichapia spea zake mapema? Na walikuwa na hoja: printa ya 3D (ile inayochapa vitu vya kushikika, tabaka juu ya tabaka) ya kwanza kupelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga, mwaka 2014, kitu cha kwanza ilichochapa kilikuwa kipande cha mwili wake yenyewe. Sehemu ya 11 nikakata umeme. Mtu akaandika "kumbe hata Mirihi kuna mgao", stika za kucheka zikashuka kama mvua ya masika. Kufika sehemu ya 13 hakuna aliyekuwa na wasiwasi na mtu yeyote pale kambini. Mlango umelipuka? Watachapa. Mguu umekatika? Watachapa. Watu 41 wakadai hela yao. Nikarudisha 123,000, nyingine nilikopa kwa shemeji, na mpaka leo tukikutana msibani ananiita "Injinia Bonyeza".

Sasa ngoja niseme na aliyenipoteza. Kuna bwana mmoja aliendesha warsha ya uandishi, kiingilio 80,000, soda moja, hakuna hata andazi. Akatuambia hadithi ya sayansi haina mipaka, msomaji hataki hesabu, mashine ifanye lolote. Nikaandika kwenye daftari nikapiga na mstari chini! Mzee, msomaji anapiga hesabu kuliko karani wa stoo. Hadithi za huyo bwana mwenyewe sijawahi kuziona popote, na nimetafuta kwa hasira.

Hesabu yenyewe hii hapa. Ukisema mashine inaumba nyundo ya kilo moja kutoka kwenye nishati tupu, utahitaji kama uniti bilioni 25 za umeme. Bwawa la Nyerere, megawati zake zote 2,115 bila kuzima hata saa moja, litakufanyia kazi zaidi ya mwaka mzima. Kwa nyundo moja. Hata wale wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga, wenye mashine ya kutoa chai hewani, waliacha kitu kimoja kisichonakilika, latinum, ambayo ndiyo hela yao, ndiyo maana biashara ikaendelea kuwepo mle ndani.

Baada ya kufilisika nikaenda kukaa kwa jamaa yangu mwenye printa ya 3D. Alikuwa anachapa gia ya kupandishia kioo cha gari, ndogo kama kifuniko cha chupa. Kazi ya muda wa saa tatu. Uzi wa plastiki unashuka, kichwa kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, unasinzia. Saa ya pili ukingo mmoja ukaanza kujikunja juu taratibu, plastiki inapoa inasinyaa. Jamaa akafyonza, akaibandua kwa kisu, akaitupa kwenye ndoo ya rangi iliyojaa gia mbovu nusu. Akaipiga ndoo teke: "Hela yangu iko humu."

Ile ndoo ndiyo hadithi, mkuu. Ile spana maarufu iliyochapwa kule angani 2014, faili lilitumwa kutoka duniani, ikachapwa kwa kama saa nne, lakini plastiki ilipanda na roketi. Roketi ya kwako inakuja lini? Plastiki ikiisha wanasaga nini, sahani zao? Kabla hujaandika mashine inatoa nini, andika inakula nini na kitu gani haiwezi kutoa hata ukiipigia magoti. Bandika ukutani. Kwangu nimebandika juu ya jiko, mke wangu anadhani ni mambo ya lishe.

Niliiandika upya. Mashine inakula plastiki iliyosagwa, inatoa ganda la pampu bila shida, ila oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, haiwezi, na kambi nzima imebaki na oringi moja. Wateja walikuwa 19 tu, hakuna aliyedai chake. Wa kwanza kulipa alikuwa fundi wa Mwanza, na kila Ijumaa ananitumia ujumbe ule ule: "Oringi bado ipo?"

Kwa hiyo ule mstari wa "chochote wanachotaka" ufute leo. Na kama umeshamlipa mchoraji, niambie faragha, nikupe pole inayostahili.