Mwanangu, andika mahali pako

Mwanangu mpendwa,

Katika ujumbe wako wa juzi uliniuliza swali zuri: tayari una wafuasi kwenye mitandao ya kijamii, wanakuuliza kuhusu friji zao nawe unawajibu, sasa blogu ya nini tena? Jibu lake ni refu, ndiyo maana nakuandikia barua.

Tuyaangalie kwanza hayo majibu yako. Mtu anasema friji yake inawaka taa lakini haipozi. Unamwambia ahakikishe themostati haijazimwa, asafishe vumbi kwenye mabomba ya kondensa (yale ya nyuma au chini yanayotoa joto), abane karatasi mlangoni aone kama mpira unaishika, kisha asikilize kompresa, ile pampu inayosukuma gesi: ikijaribu kuwaka, ikakata baada ya sekunde chache na kurudia hivyo kila baada ya dakika kadhaa, ashuku rilei, kifaa kidogo kinachoiwasha. Ni jibu kamili. Kesho yake limezama chini ya picha na video za watu wengine, na keshokutwa mtu mwingine anauliza lile lile, unaandika upya. Ukiliweka kwenye blogu unaliandika mara moja, linapata anwani yake, na kila anayeuliza unamtumia kiungo. Ukigundua umesahau jambo, unarekebisha pale pale na wote wanaofuata wanasoma lililo sahihi.

Kuna tofauti nyingine ambayo nadhani hujaiona. Mfuasi hukukuta kwa bahati, akiwa anapitisha muda. Lakini anayeandika "friji inawaka lakini haipozi" kwenye Google ana friji mbovu mbele yake saa hiyo, na chakula kinaharibika. Huyo ndiye msomaji wako hasa. Akikuta umemweleza hatua kwa hatua, na ukamwambia kwa uwazi ni wapi aishie na kumwita fundi, hatakuomba umthibitishie kwamba unajua kazi.

Faida ya tatu itakugusa wewe mwenyewe kabla ya msomaji yeyote. Kuandika kunapima ujuzi. Fundi anaweza kuzoea kubadilisha draya, kichujio kinachonyonya unyevu, kila mfumo wa gesi unapofunguliwa bila kuulizwa sababu. Ukiandika, unadaiwa sababu: unyevu ukiingia huganda mwisho wa kapilari, ule mrija mwembamba wa gesi, na kuziba njia, friji ikapoza kidogo, ikaacha, ikaanza tena barafu inapoyeyuka. Mahali unapokwama kuandika ndipo penye pengo, na baada ya makala 20 za namna hiyo utakuwa fundi mwingine kabisa.

Sasa suala la umiliki, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Yahoo iliifunga GeoCities, huduma yake ya kurasa za bure za watu binafsi, mwezi Oktoba 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka mtandaoni. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba mtandao wa MySpace umepoteza muziki, picha na video za miaka mingi wakati wa kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti. Waliopakia hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kuweka nakala yao pekee kwenye nyumba ya mtu. Na blogu nayo inaweza kuwa ya kupanga: Posterous ilikuwa huduma ya blogu, Twitter ikainunua mwaka 2012, na tarehe 30 Aprili 2013 ikafungwa. Kwa hiyo ninaposema uwe na blogu, nina maana ya vitu viwili ambavyo hakuna wa kukunyang'anya kirahisi: jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako inayoishia kwa mfano na .com, lililosajiliwa kwako, na nakala ya maandishi yako mkononi mwako. Kampuni inayohifadhi tovuti unaweza kuibadilisha wakati wowote. Jina likibaki lile lile, msomaji hata hajui kwamba umehama.

Jina lichague fupi, ambalo mtu akilisikia kwenye simu anaweza kuliandika bila kuuliza. Epuka tarakimu na vistari. Lisajili kwa jina lako na barua pepe yako, kamwe lisiwe la kijana anayekutengenezea tovuti, kwa sababu anayeonekana kwenye usajili ndiye mwenye mali. Barua pepe hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho, maana kikoa kikikatika barua za kukikomboa nazo hazikufikii. Washa malipo ya kuhuisha usajili yanayojilipa yenyewe kila mwaka, na bado weka kumbukumbu mwezi mmoja kabla, kwa kuwa kadi huisha muda. Kwa majina ya .com, ukichelewa kulipa na muda wa nyongeza wa msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, ukapita, kuna siku 30 za ukombozi ambazo gharama yake huwa kubwa, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha yeyote anaweza kulichukua.

Programu ya kuendeshea blogu tumia WordPress. Ipo tangu 2003, ni ya bure, na karibu kila kampuni ya kuhifadhi tovuti inaipokea, hivyo kuhama ni rahisi. Usichanganye WordPress.org, unakopakua programu na kuiweka kwenye seva unayolipia, na WordPress.com, ambayo ni huduma inayokuhifadhia. Kama fedha inabana, Blogger ya Google haina malipo na inakubali jina lako la kikoa. Anzia hapo bila aibu, mradi jina liwe lako.

Kabla ya makala ya kwanza, fanya mambo machache. Hakikisha anwani inaanza na https, alama ya muunganisho salama. Cheti chake kutoka Let's Encrypt ni bure, na kampuni nyingi hukuwekea. Kwenye mpangilio wa viungo wa WordPress chagua jina la makala badala ya namba au tarehe, na uchague sasa, kwa sababu ukibadilisha baadaye viungo ulivyowatumia watu vinaweza kukatika. Kisha nenda kwenye mipangilio ya usomaji, utaona kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Watengenezaji hukiwekea alama wakati wa ujenzi na kusahau kukitoa, halafu mwenye blogu anashangaa miezi sita inapita haonekani Google. Kikague kwa macho yako.

Picha ndizo zitakuangusha usipokuwa makini. Simu yako inapiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa megabaiti kadhaa. Ukiweka nane za hivyo, msomaji mwenye intaneti dhaifu anaondoka kabla ukurasa haujafunguka. Zipunguze hadi pikseli 1,200 na chini ya kilobaiti 200 kila moja. Kwa rilei au plagi iliyoungua hiyo inatosha kabisa kuonyesha. Na picha ya ndani ya nyumba ya mteja usiiweke bila ruhusa yake.

Nakala rudufu chukua kila mwezi. Wengi hubonyeza kitufe cha kuhamisha nje cha WordPress, wanapata faili la XML, wanalala usingizi. Faili hilo lina maandishi. Kwa picha lina anwani tu, picha zenyewe hazimo. Unahitaji hifadhidata, inayobeba maandishi, pamoja na folda ya wp-content, inayobeba picha, na vikae nje ya seva hiyo, kwenye kompyuta yako na mahali pengine pa pili. Plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, weka chache na uzihuishe, kwa sababu plagini iliyoachwa bila kuhuishwa ni mlango wazi kwa wadukuzi.

Kuhusu uandishi, kichwa cha makala kiwe maneno ya mteja. "Hitilafu za mfumo wa upozaji" hakuna anayeitafuta. "Friji inavuja maji chini" inatafutwa. Tatizo moja, makala moja, na jibu lianze aya ya kwanza kwa sababu anayekusoma ana haraka. Panapo hatari sema wazi: gesi ya kupozea ya R600a inashika moto, kwa hiyo makala inayoihusu isimfundishe mtu wa nyumbani kufungua mfumo.

Andika moja kila baada ya wiki mbili. Blogu nyingi hufa kwa mtindo mmoja: makala tano wiki ya kwanza, mbili mwezi unaofuata, kisha kimya, kwa kuwa mwenyewe alitarajia wasomaji ndani ya mwezi. Utafutaji huchukua miezi. Sajili blogu kwenye Google Search Console, huduma ya Google inayokuonyesha watu wametafuta nini wakakufikia, tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi mitatu fungua uone ni maneno gani yaliyowaleta watu. Mara nyingi utakuta wanaulizia jambo ulilolitaja kwa sentensi moja tu. Hilo ndilo makala yako inayofuata.

Fedha za matangazo usizitegemee. Hulipa kufuatana na idadi ya wanaotazama, na blogu ya fundi haihitaji umati, inahitaji watu wachache wenye friji mbovu. Kipato chako kitatoka kwenye kazi utakayoitiwa, kwa hiyo namba ya biashara iwe juu ya kila ukurasa, inayobonyezeka kwenye simu. Mitandao ya kijamii usiiache. Weka huko kipande cha makala na kiungo, mazungumzo yaendelee kule, maarifa yakae kwako.

Wiki hii nunua jina tu. Halafu niandikie maswali 10 unayoulizwa mara nyingi zaidi, kwa maneno yale yale wanayoyatumia wateja, makosa yao yakiwemo. Nitakurudishia yakiwa yamepangwa, na lipi uanze nalo.

Mzazi wako akupendaye