Zile siku 89

Mwanangu Somoe,

Salaam. Sisi huku Mingoyo wazima. Mama yako mguu unamsumbua asubuhi asubuhi, jua likipanda anausahau. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara mbili kwa miwani yake maana yangu imekatika mkono. Unasema umeitwa kwenye usaili wa Wakili wa Serikali, na wenzako wa Shule ya Sheria wanakucheka kwamba unakwenda kumtumikia Mwanasheria Mkuu, wakili wa wakubwa. Halafu unaniuliza: "Baba, wewe uliyewahi kuishitaki Serikali, unaonaje, Mwanasheria Mkuu ni wa nani? Wa Serikali au wa wananchi?"

Wa nani, Katiba imeshajibu, na wewe unaijua kuliko mimi. Ibara ya 59: anateuliwa na Rais, ni mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria. Nilichojifunza mimi ni lini anatakiwa awepo. Na jibu langu unalijua, wewe na kaka zako mmeligeuza wimbo wa kunitania: swali liulizwe kabla ya shoka. Cheka tu. Nitalisema tena.

Nianze na babu yako, maana kwake ndiko nilikosikia mara ya kwanza habari za kuishitaki Serikali. Miaka ya themanini maji ya mtaro yaligeuzwa yakaingia kwenye mpunga wake kule bondeni. Akaandikiwa karatasi, akavaa kanzu, akaenda mahakamani. Karani akamweleza kwa adabu kabisa: mzee, Serikali haishitakiwi hivi hivi, sheria inataka kwanza upate ridhaa ya maandishi ya Waziri. Babu yako akauliza, Waziri wa nani? Akaambiwa, wa Serikali. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakuomba ridhaa hiyo hata siku moja. Alisema hajawahi kuona mtu anamwomba mwizi ruhusa ya kupiga yowe. Mimi nilidhani ni maneno ya mzee aliyekasirika, kumbe ndivyo sheria ya mwaka 1967 na marekebisho yake ilivyokuwa. Mpaka mwaka 1993, Mmasai mmoja wa kule Arusha, Kukutia Ole Pumbun, alipofika Mahakama ya Rufani, na majaji wakasema sharti hilo linavunja Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likalifuta, likaweka notisi ya siku 90 kabla ya kuishitaki Serikali. Babu yako alikuwa ameshazikwa. Ningependa angemjua huyo Mmasai.

Siku 90, Somoe. Zishike hizo.

Mikorosho yetu 11 unaikumbuka kama hadithi, ulikuwa mdogo. Ile ya nyuma ya kisima, aliyoipanda babu yako, ambayo mabibo yake yakianguka nyumba nzima inanukia. Ofisi moja ya Serikali, sitaitaja, ilitaka eneo la kujenga ghala. Kwenye karatasi yao waliandika pale ni pori. Nilitoka kupeleka salfa kwa mjomba wako, nikarudi jioni nikakuta visiki. Vilikuwa bado vinatoa ute, ule wa rangi ya asali, na nyuki wamejaa. Nilikaa juu ya kisiki kimoja nikasahau kuswali magharibi. Hilo sijawahi kumwambia mama yako.

Fidia? Pori halilipwi fidia. Na mimi nilikuwa nimeshasikia habari za Lohay Akonaay, kwamba Desemba 1994 Jaji Mkuu Nyalali na wenzake walisema ardhi ya kimila ni mali, na mtu aliyeifanyia kazi hanyang'anywi bila fidia. Kesi yenyewe inaitwa Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Tena jina lile. Nikajipa moyo.

Kwa hiyo nikaenda kwa mwandishi wa barua, yule wa chini ya mkwaju. Akaniandikia notisi, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Nikaipeleka kwa mkono tarehe 4 Februari 1999, nikagongewa muhuri. Mwandishi akaniambia, ngoja miezi mitatu, kisha njoo tufungue. Nikarudi nyumbani nikamsomea bibi yako nakala, na nilipofika kwenye jina akanisimamisha. "Huyu Mwanasheria Mkuu ndiye aliyekuja na shoka?" Nikamwambia hapana mama, huyu ndiye anayesimama badala ya Serikali, ukiidai Serikali unaandika jina lake. Akafikiri sana. "Basi masikini," akasema, "ana madeni ya watu wengi." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mpaka leo nikisikia Mwanasheria Mkuu ametajwa redioni, namsikia bibi yako: basi masikini.

Tarehe 4 Mei nilipanda basi kwenda Mtwara, maana kesi ya kuidai Serikali haifunguliwi mahakama ya wilaya, ni Mahakama Kuu. Nilikwenda na nakala tatu, kila moja imebanwa kwa pini. Miezi mitatu kamili, siku kwa siku.

Shauri lilipoitwa, upande wa Serikali alisimama kijana, hata ndevu hazijakolea, suti imempwaya mabegani. Akasema ana pingamizi la awali. Mheshimiwa Jaji, shauri hili limeletwa mapema. Mapema! Mikorosho imekatwa, visiki vimeota majani, mimi nimeambiwa nimewahi. Akatoa kalenda ndogo, akahesabu kwa sauti. Kutoka tarehe 4 Februari hadi 4 Machi, siku 28. Hadi 4 Aprili, 31. Hadi 4 Mei, 30. Jumla 89. Jaji naye akahesabu, nilimwona kidole kikitembea juu ya meza. Akaniuliza nina la kusema? Nikasema Mheshimiwa, Februari si kosa langu. Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akaliondoa shauri.

Lawama nimezigawa mara nyingi. Mwandishi ana fungu lake, lakini karatasi ilisema siku, na mimi niliyesoma mpaka darasa la nane niliisoma kwa macho yangu nikahesabu miezi. Yule kijana alifanya kazi aliyolipwa. Angenyamaza angekuwa amemwibia mteja wake.

Ila kuna alichofanya baadaye. Nilikuwa nje barazani najaribu kurudisha karatasi kwenye bahasha na mikono haitaki. Akanipita, akasimama, akarudi. Akasema kwa sauti ndogo: "Mzee, limeondolewa, halijatupwa. Notisi yako imeshatimia sasa. Unaweza kulifungua tena hata wiki hii." Akaokota nakala iliyodondoka, akanipa kwa mikono miwili, akaenda zake.

Na mimi sikulifungua. Hilo ndilo linalonichoma, si zile siku 89. Mwaka ule mama yako alikuwa Ndanda, amelazwa, nawe ulikuwa unalelewa kwa shangazi yako. Nauli ya Mtwara na nauli ya Ndanda zilikuwa fedha ile ile. Hii ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu nyingine ni kwamba niliona haya kurudi mbele ya jaji aliyenihesabia kwa kidole. Korosho za msimu zikaja, zikaenda. Ghala halikujengwa. Pale sasa pana mihogo ya watu.

Ndiyo maana nasema kabla ya shoka. Siku ile walipoandika "pori", angekuwepo mwanasheria mmoja mezani akauliza, pori hili mikorosho imejipanga mistari kwa nini? Basi. Nisingehesabu siku, na yule kijana asingevaa suti. Serikali inapofika mahakamani wakili wake amechelewa, hata akishinda. Sijui kama ulishaona, lakini Katiba hiyo hiyo inamweka Mwanasheria Mkuu ndani ya Baraza la Mawaziri, ana haki zote za mjumbe isipokuwa kura. Wenzako watasema kunyimwa kura ni udhaifu. Mimi naona ni heshima. Mpiga kura anataka lake lipite. Asiye na kura kazi yake ni kusema tu: hili sheria inaruhusu, hili hairuhusu.

Lakini hapa najipinga mwenyewe. Nani anamsikia akisema hapana? Mlango umefungwa. Na huyo huyo ni mbunge kwa cheo chake, hakuna kijiji kilichompigia kura, anakaa na Serikali bungeni na kuitetea mchana kweupe. Anamwambia mtu hapana chumbani, kisha anamtetea sebuleni? Nimezeeka nikiligeuza hilo. Jaji Werema, Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, alijiuzulu Desemba 2014 kwa sababu ya ile kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, akasema ushauri wake haukueleweka. Tulikuwa kijiweni tunasikiliza, watu wakamcheka. Mimi sikucheka. Ushauri usioeleweka ni shoka tayari, lakini ni vyeo vingapi vimewahi kuachwa hapa kwetu kwa sababu ya ushauri?

Halafu utazame walikotoka. Tulipopata Uhuru Mwanasheria Mkuu alikuwa Mwingereza, Roland Brown, na Mwalimu alimwamini kiasi kwamba mwaka 1964 rasimu ya Hati ya Muungano ilipita mikononi mwake. Mgeni akaandika ndoa yetu! Mwaka 1965 akaja Mark Bomani, wa kwanza wetu. Kisha Warioba, 1976, ambaye baadaye akawa Waziri Mkuu, na mwaka 2012 akapewa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na mambo aliyoyasikia kwa wananchi akayaandika yalivyo. Mzee yule nampenda. Aliwahi kuwa mdomo wa Serikali na bado akabaki na masikio. Wazanzibari wao wana Mwanasheria Mkuu wao, hayo waulize wenyewe.

Tangu 2018, naona, kazi imegawanywa: mashtaka ya jinai yana ofisi yake, Wakili Mkuu wa Serikali ndiye anayekwenda kwenye madai, na Mwanasheria Mkuu amebaki na ushauri, mikataba na uandishi wa sheria. Hujaniambia unaitwa wapi kati ya hizo. Ningesema nenda kwenye ushauri, kabla ya shoka. Lakini mshauri wa siku hizi hataona kisiki wala uso wa mtu. Ataona faili. Yule kijana wangu aliniona. Kama angekuwa wa faili tu, nani angenitamkia lile neno la barazani? Kwa hiyo hapo nimekwama, na mama yako ananicheka.

Nilikuwa nimeandika neno moja hapa, la kukujibu nikubali au nikatae. Nimelikata kwa wino mara mbili, ukilitazama kwenye mwanga utalisoma, usilitazame. Wewe ndiye utakayevaa hiyo suti.

Korosho kilo tatu nimempa dereva wa basi, zimeshabanguliwa, mgawie mwenye nyumba. Nakala yangu ya mwaka 1999 nimeitia ndani ya mfuko huo, pini yake imeota kutu, ishike taratibu.

Umeandika usaili ni "baada ya wiki tatu hivi". Niandikie tarehe yenyewe.

Baba yako,
Mingoyo, Lindi