Mtoto wangu aliuma kwa sababu hakuwa na maneno

Hapa Kadutu, mjini Bukavu, tunakaa parsele (kiwanja) moja na familia tatu, kwa hiyo Amani akimuuma mwenzake habari hunifikia kabla kilio hakijakwisha. Wiki ile ilikuwa mara ya nne. "Mama Amani, kuja uone mukono ya mutoto yangu!" Amani alikuwa na miaka miwili na nusu, na maneno yake yote hayakufika 20.

Nilimchapa. Kesho yake akauma tena.

Shemeji akasema tunamchanganya: koko (bibi yake) anamsemesha Mashi, baba Kifaransa, mimi Kiswahili, tuchague moja. Tukamkataza koko Mashi yake karibu miezi miwili, jambo ninalolijutia hadi leo. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto. Bukavu nzima imekua hivyo. Kosa letu lilikuwa kuhesabu Kiswahili peke yake. Ukijumlisha maji yangu, amishi (maji kwa Mashi) ya koko na merci ya baba, hayo ni maneno matatu. Hata hivyo jumla yake ilibaki ndogo, maana wengi wakifika miaka miwili wana kama maneno 50 na wanaanza kuunganisha mawili: "baba kuja", "maziwa ingine".

Muuguzi ndiye aliyeuliza kuhusu masikio. Kumbe ule usaha tuliokuwa tunaupangusa tu (na kutilia mafuta ya moto, msifanye hivyo!) ulikuwa unamzuia kusikia vizuri. Alitibiwa. Basi anzeni na masikio. Msingoje kama mtoto hana neno hata moja akiwa na miezi 16, haunganishi mawili kwa miaka miwili, hageuki akiitwa, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Huyo mpelekeni kwa muuguzi, hata kama jirani anasema baba yake naye alichelewa.

Kuuma hakukuisha siku moja. Nilijifunza kukaa karibu wanapocheza, na nikiona anakunja uso juu ya gari lake la kopo, nachuchumaa namshika mkono: "Sema: yangu." Neno moja tu, si hotuba. Akiuma, nasema "hapana, inauma", namhudumia kwanza aliyeumwa. Fimbo niliiacha, ilimfundisha kulia, haikumfundisha neno.

Simu nayo nilimnyang'anya. Ile ilikuwa vita. Lakini umeme ukikatika jioni, na hapa hukatika, tunachambua sombe (majani ya muhogo) pamoja, namtajia kila kitu: jani, kijiti, tupa. Nikimuuliza, nanyamaza hadi ajibu. Kunyamaza kulinishinda kuliko yote, mimi ni mtu wa maneno mengi.

Baada ya miezi mitatu hivi, mtoto wa jirani alikamata lile gari. Nikatupa mwiko nikakimbia. Amani alikuwa amesimama, meno nje, akipiga kelele hadi barabarani: "Yangu! Wewe lete!"

Koko akapiga vigelegele. Mwenye mtoto hakufurahi sana.