Kwani Unazo Nyingine?

Jumamosi iliyopita nilikataa kuimba wimbo wangu kwenye harusi moja huko Voi, na kwa kosa hilo bendi yetu ililipwa nusu ya pesa tulizopatana. Ninaandika mapema, kabla uchungu haujapoa, kwa sababu kila wiki napokea ujumbe kutoka kwa vijana wanaotaka kujua namna ya kutoa wimbo utakaovuma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza atafanya nini wimbo huo ukishavuma.

Wimbo wenyewe sitautaja. Wanaoufahamu watanitambua, na wasioufahamu huenda wameshaucheza bila kujua mwimbaji ni nani, jambo ambalo nimelizoea. Niliutunga mwaka 2003 nje ya studio moja mjini Mombasa, umeme ulipokatika tukawa tunasubiri jenereta iletwe. Kaseti yetu ilikuwa na nyimbo nane. Saba kati yake nilizihangaikia kwa miaka miwili, nikizifanyia mazoezi usiku wa manane baada ya kazi; huo wa nane niliutunga kwa dakika ishirini hivi, nikiwa nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ili tu upande wa pili wa kaseti usiishie patupu. Redio zikauchukua huo wa nane. Ukapigwa kwenye matatu, kwenye harusi na kwenye mikutano ya siasa, na kwa karibu mwaka mzima sikuweza kununua mahamri bila mtu kuniimbia kiitikio. Nisijifanye mnyonge: nilifurahi, tena nilivimba kichwa. Nyimbo saba zilizobaki hakuna aliyeziulizia, nami kwa ulevi wa sifa sikuzikumbusha kwa mtu.

Nilipaswa kuwa nimejifunza zamani, maana kabla ya hapo nilikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli pwani ya kusini, na kila usiku tulipiga “Jambo Bwana” mara mbili, mara ya kwanza wageni wakila na mara ya pili basi la wageni wapya likifika. Wimbo huo uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison ulitolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M., kundi la Ujerumani, wakatoa wao wa namna hiyo hiyo. Them Mushrooms, ndugu wa Pwani, walipiga rege, walipiga chakacha, walirekodi “Nyambura” na “Ndogo Ndogo”, lakini mtalii anayerudi kwao na salamu ile mdomoni hajui kwamba kuna kingine. Mtalii ana udhuru. Mimi niliyeupiga kila usiku, na niliyezaliwa pwani ile ile, sikujifunza hata mmoja kati ya hizo nyingine, kwa kuwa meneja hakuziomba. Kwa hiyo ninapolalamika kwamba watu hawazijui nyimbo zangu saba, najua vizuri wanachofanya, kwa sababu nami nilikifanya kwa wakubwa zangu.

Basi turudi Voi. Tulianza vizuri sana. Tulipopiga “Charonyi ni Wasi” ya Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi iliyoongozwa na Habel Kifoto, wazee wa Kitaita waliacha sahani zao wakaingia uwanjani, mmoja akiwa bado ameshika mfupa wa kuku. Wimbo ule ni wa kwao kwa lugha na kwa kumbukumbu, ingawa umependwa pia na watu wasiojua neno lolote la Kitaita. Kisha mshereheshaji akatangaza wimbo wangu. Sijui ni nini kilinipanda. Labda ni kwa kuwa nilikuwa katika nchi ya Fadhili William, mtu aliyerekodi “Malaika” mwanzoni mwa miaka ya 1960, akauona ukipaa na Miriam Makeba hadi pembe zote za dunia, na hadi leo watu wanabishana kama aliutunga yeye au mwingine. Wanaobishana ni wengi. Wanaoweza kuimba “Taxi Driver”, ambao pia ni wake, ni wachache, na wanaokumbuka kwamba alikuwa mmoja wa mafundi wa bendi ya Equator Sound pamoja na akina Daudi Kabaka ni wachache zaidi. Nikachukua kipaza sauti, nikasema kwamba usiku huo tungewaletea mwingine, ulio bora kuliko huo.

Ni kweli ni bora. Una kinanda kinachoingia taratibu, na ubeti wa pili nilimwandikia marehemu baba. Kufika ubeti huo uwanjani walibaki watoto wawili na mpiga picha. Mjomba wa bibi harusi akaja hadi kwenye spika, akainama, akaniambia kwa adabu kabisa:

“Fundi, huu nao ni mzuri, lakini tupigie ule wako.”

“Huu nao ni wangu, mjomba.”

“Kwani unazo nyingine?”

Hakukusudia kunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikaza shingo, tukapiga za watu wengine hadi saa sita, na wakati wa malipo niliambiwa kwamba tumeharibu shughuli. Mpiga ngoma wetu ana watoto wanne; yeye hakukataa kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, wewe unayeota kuvuma, ni huu: ukishavuma, usiukatae wimbo wako mbele ya watu waliokuja na furaha yao. Uimbe, tena uimbe kama siku ya kwanza. Lakini wimbo wa pili uwe tayari, na uingie makofi yakiwa bado hayajaisha, na jina lake ulitaje kwa sauti, kwa maana hakuna atakayeomba wimbo asioujua jina. Mwaka ule wa 2003 nilikuwa nikimaliza wimbo ule na kushuka jukwaani kwenda kupigwa mgongoni. Jukwaa lilikuwa langu na watu walikuwa wamesimama, nami nikawaachia diski ya mtu mwingine.

La pili ni karatasi, na hapa naomba unisikilize kuliko kwingine. Makubaliano ya kaseti yangu niliyasaini juu ya boneti ya gari, jua la saa nane, bila kuyasoma, kwa shilingi elfu kumi na tano. Miaka kadhaa baadaye nilimpigia simu fundi wa mabomba aje atazame choo, na badala ya mlio nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiimba kiitikio. Nilikaa kimya nikijisikiliza. Alipopokea nikamuuliza analipa kiasi gani kwa wimbo huo, akanitajia, nikamwambia mwimbaji ni mimi, akacheka sana, na alipokuja akanipunguzia mia mbili. Hayo ndiyo mapato pekee niliyowahi kuyapata kutokana na wimbo wangu kwenye simu. Soma karatasi. Kama Kiingereza chake ni kigumu, mpe mwalimu akusomee, na sajili nyimbo zote, si huo unaovuma tu. Halafu soma karatasi tena.

Jina nalo hupotea kirahisi kuliko mnavyodhani. Taja “Shauri Yako” mahali popote penye wapenzi wa zilizopendwa, watakujibu Super Mazembe, na kweli Mazembe waliupiga ukapigika. Lakini aliyeutunga na kuuimba mwanzo ni Nguashi N'Timbo, wa Orchestre Festival du Zaïre, ambaye kwa wasikilizaji wengi hana hata huo mmoja. Gabriel Omolo ana afadhali, kwa kuwa “Lunch Time” yake iliyompatia diski ya dhahabu bado inarudi redioni saa ya chakula ikifika, ila mtangazaji akishaicheza huenda moja kwa moja kwenye taarifa ya habari.

Anayenipa moyo ni Saida Karoli. Dada huyu wa Kagera aliimba “Maria Salome” mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa Kihaya, ukachezwa na watu ambao Bukoba wameiona kwenye ramani tu, kisha pakawa kimya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa “Salome” iliyosimama juu ya wimbo wake, na vijana wakauliza huyo wa kwanza ni nani. Angeweza kukaa akisubiri kuulizwa habari za zamani. Yeye aliingia studio, mwaka uliofuata akatoa “Orugambo”. Nakiri kwamba nilipousikia niliona wivu kabla ya kuona furaha, kwa sababu mimi nilikuwa na miaka kumi na minne ya kufanya hivyo na sikufanya. Nilikuwa nikisubiri dunia iniombe radhi. Ninyi vijana mna simu zenye kurekodi, mna intaneti, hamuhitaji kaseti wala boneti ya gari ya mtu. Mnasubiri nini? Mtu mwenye nyimbo saba kabatini hana haki ya kulaumu masikio ya watu, nami nimeyalaumu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mpiga ngoma nimemlipa sehemu yake yote kutoka mfukoni mwangu. Jumamosi ijayo tuna harusi Mariakani, na mshereheshaji nimeshampelekea orodha: ule wanaoujua utakuwa wa tatu, ule wa baba utakuwa wa nne bila kusimama katikati, na jina lake nimeliandika kwa herufi kubwa, nikampigia simu alisome mara mbili nikisikia.