Ukienda India, adabu itafute mwishoni mwa kitenzi

Wagonjwa na wanafunzi wanaotoka kwetu kwenda Delhi, Pune au Chennai hurudi na lalamiko lilelile: Wahindi hawajui kuomba. Mtu wa kaunta anasema "give passport", "sit", kamaliza. Kabla hujanuna, fahamu kwamba kwenye Kihindi heshima haikai kwenye neno la kuombea. Inakaa mwishoni mwa kitenzi.

Chukua "nipe chai". Unaweza kusema chai dijiye, chai do au chai de. Ya kwanza huenda na aap, ya pili na tum, ya tatu na tu, na zote tatu ni "wewe". Aap ni ya mkubwa, mgeni, daktari, mwenye nyumba. Tum ni ya rafiki au mdogo wako. Tu ni ya mama mzazi, ya Mungu kwenye sala, ya swahiba mliyekua naye, ukimtupia mhudumu wa mgahawa, umemwita "we!" mbele za watu. Sasa anayeitafsiri dijiye kwa Kiingereza anabaki na give kavu, maana heshima yote ilikuwa kwenye ile -iye na Kiingereza hakina pa kuiweka. Mgeni naye hukosea upande wa pili: anakariri please, kisha anaibandika kwenye tu. Please chai de bado ni ufidhuli. Ukichanganyikiwa, shika aap na -iye kwa kila mtu. Utasikika rasmi kupita kiasi, lakini hutamuudhi mtu.

Mtu mzima haitwi jina tupu. Mwongezee ji nyuma ya jina. Mwalimu ni sir au ma'am, hata kama kakuzidi miaka miwili tu. Dereva wa bajaji, ambayo wao huiita auto, ni bhaiya, yaani kaka. Muuza mboga wa kike ni didi, dada. Aunty iache mpaka uone mvi, wapo wanaonuna. Ukiwa Chennai, bhaiya inanuka kaskazini, kwa hiyo sema anna na akka. Kitamil nacho kina mkia wake wa heshima: "njoo" kwa mtu wa kuheshimiwa ni vaanga, wala si vaa.

Halafu tega sikio: nani anaitwa kwa ile tu ya Kihindi na mtu asiye rafiki yake? Mfagiaji, mlinzi, dada wa kazi anayelingana umri na mama wa huyo anayemtuma. Hapo tunazungumzia daraja, na nyuma yake mara nyingi kuna tabaka la kuzaliwa. Ibara ya 17 ya Katiba, iliyoanza kutumika 26 Januari 1950, ilifuta kutengwa kwa watu walioitwa najisi. Hata hivyo, kwenye nyumba nyingine kikombe cha mfanyakazi bado kinakaa pembeni peke yake, na ghorofa nyingine zina lifti ya wafanyakazi peke yao. Ukiwa mgeni, hotuba mezani haitamsaidia. Mwite didi, mwambie aap, mwenye nyumba akiwa anasikia. Na usimng'ang'anie mtu akutajie jina la ukoo, kwani mara nyingi ndilo linalofichua tabaka.

Kaalu, "mweusi", ukirushiwa barabarani, usijidanganye kwamba ni utamaduni. Ni tusi. Mwaka 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa ajali ya gari isiyomhusu. Watu wakianza kukuzunguka, usibishane; ondoka, piga 112.

Mezani, mkono wa kulia unaujua tangu nyumbani. Kitakachokuponza ni jootha, chakula au kinywaji kilichokwisha kuguswa na mdomo wa mtu. Kijiko ulicholia usikichovye kwenye bakuli la wote. Chupa ya maji ya mwenzako unaiinua juu, unaangalia dari, unamimina bila midomo kugusa. Anza na funda dogo, la sivyo yote yataishia kifuani.