'Cjui', 'wa2', 'ucku': je, simu imemharibia mwanangu uandishi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili. Juzi nimefungua daftari lake la insha nikakuta 'cjui', 'wa2' na 'ucku'. Baba yake anataka kumnyang'anya simu. Ni kweli simu ndiyo inayomharibu?

JIBU: Marahaba mama. Simu ina lawama yake, ila siyo hiyo unayoidhania.

Vifupisho hivyo ni vya enzi za SMS. Ujumbe mmoja ulibeba herufi 160 tu, na vitenzi vyetu unavijua: 'hatutaonana' peke yake inakula 11. Ukizidisha, unalipia ujumbe wa pili. Leo WhatsApp haikubani hivyo, vimebaki kwa mazoea na ujana. Lakini angalia anachofanya mtoto: anaisoma 2 kwa Kiingereza anapata silabi 'tu', na c inampa 'si'. Asiyejua kukata neno silabi kwa silabi hauwezi mchezo huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, waliwapima watoto wa miaka 10 hadi 12, wakaona wanaofupisha sana walielekea kuwa wasomaji wazuri zaidi. Kile ni Kiingereza, sawa, ila mimi darasani sioni tofauti kubwa na Kiswahili.

Mpime mwenyewe. Mpe ujumbe auandike upya kwa maneno kamili. Mimi huandika ubaoni: 'mm cpo apa nme enda dukan'. Karibu wote hurudisha 'mimi sipo' bila taabu. Kisha wanaandika 'apa', na 'nime enda' maneno mawili. Ugonjwa uko hapo. 'Cpo' alijua anafupisha. 'Apa' anaamini ndivyo lilivyo. Ile h aliiacha mdomoni kabla hajashika simu. Kosa la simu ni kwamba akiandika 'ela', rafiki anaelewa, anajibu, naye anaandika 'ela' vilevile. Jicho linazoea.

Linalonitisha zaidi ni nukta. Kwenye simu kila wazo ni ujumbe wake; akibonyeza kutuma, sentensi imekwisha. Akija kwenye insha, ama anashusha nusu ukurasa kwa 'na… na… halafu', ama anatupa vipande visivyoshikana. Hajazoea kumwandikia mtu asiyeweza kumuuliza, "Una maana gani?"

Kwa hiyo mwambie baba yake aiache simu. Mpe kazi: kila Jumamosi amwandikie bibi yake ujumbe mmoja mrefu, wenye aya na nukta, amweleze wiki ilivyokwenda. Bibi akipiga kuuliza "ulimaanisha nini hapa?", sehemu hiyo aiandike tena. Na asome chochote kilichopita kwa mhariri, hata gazeti la michezo. 'Hela' na 'hapa' ataziona mpaka zimkae.

Kwenye daftari, sahihisha 'apa' na 'nime enda' kwanza. Hizo 'cjui' zizungushie duara tu, atacheka na kuzifuta mwenyewe.