Jibu: Anayeanza sataranji ana faida?
Ndugu yangu, umeuliza kama mwenye nyeupe anafaidika kwa kuanza. Anafaidika, ila kidogo: mashindanoni nyeupe huvuna kati ya asilimia 52 na 56 ya pointi, sare ikihesabiwa nusu. Siri ni ile zamu moja ya mbele. Askari wa mfalme akiruka nyumba mbili, papo hapo njia za malkia na askofu zimefunguka, na mweusi inabidi ajibu. Lakini zamu hiyo huyeyuka upesi mno! Juzi barazani Mji wa Kale nilianza mimi, nikamtoa malkia mapema, farasi wa mwenzangu wakamfukuza huku na huku mpaka kahawa ikapoa. Faida yote ikawa yake. Wewe huanza na askari gani?